Mpendwa Mteja

Kampuni ya simu huniita mpendwa. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, simu hulia tii, nikiitazama nakuta: Mpendwa mteja, umezawadiwa dakika za bure. Mpendwa mteja, bahatisha leo ushinde pikipiki. Tangu nimzike mume wangu hakuna aliyeniita mpendwa, kwa hivyo nilikuwa nikisoma ujumbe huo mpaka mwisho, mjinga mimi. Siku hizi nayajua mapenzi ya kampuni. Ni mapenzi ya mchinjaji kwa fahali: anampapasa mgongo huku akikisia kilo.

Mimi ni Wamucii. Nauza chai na chapati Nanyuki, karibu na lango la soko la mifugo. Wanaokula kwangu ni madalali wa ng'ombe, wachungaji walioteremka na mbuzi kutoka Isiolo, na madereva wa malori. Kibanda kinachopakana na changu ni cha Khadra, anayeuza maziwa ya ngamia. Tumekaa ubavu kwa ubavu miaka mingi, tukigombana kuhusu moshi wangu na nzi wake. Idd ikifika huniletea nyama, na Krismasi nampelekea chapati za maji. Yeye huniita Mama Ngatia, kwa jina la mwanangu mkubwa, kama wanavyoniita wote.

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kumnyima mtu kitu ambacho ninacho. Sufuria yangu kubwa imepika matanga mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kitambulisho changu nacho kilikuwa kama sufuria hiyo. Mtu amepoteza chake, anataka kusajili laini ya simu, anakuja. Kijana ameambiwa na ofisi ya vitambulisho arudi kesho mpaka kesho zikaisha, anakuja. Mimi nafungua kifundo cha leso na kumpa. Anaenda kwa yule msajili wa laini wa mwavuli pale nje, kitambulisho kinapigwa picha, laini inafunguka, kitambulisho kinarudi kwenye leso. Soko zima tulikuwa tukifanya hivyo, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Halafu kuna wale ambao kitambulisho hawakiombi, wanakililia. Ukiwa Msomali, ukaitwa Hamse au Fowsia, ofisini unawekwa mbele ya kikao na kuulizwa babu ya babu yako alizikwa wapi. Mimi nilipoenda kuchukua changu niliulizwa jina na kijiji tu. Babu ya babu yangu sijui alizikwa wapi, na hakuna aliyewahi kutaka kujua.

Sadia, binti wa Khadra, alijifunza kutembea akishikilia benchi langu, na huniita Shosho, nyanya yake. Alimaliza kidato cha nne akapita vizuri, lakini huwezi kuomba chuo bila nambari ya simu, na nambari huipati bila kitambulisho. Khadra akaja akiangalia chini. Hapendi kuomba.

"Mama Ngatia, niazime ile kitu. Mtoto apate laini."

Nilimpa hata kabla sijafuta mikono. Kitambulisho kilipigwa picha kikiwa na alama za unga wangu.

Sadia hakuitumia laini kuomba chuo tu. Pale sokoni kulikuwa na afisa mmoja wa polisi, mtu mnene wa koti la ngozi, ambaye kila siku ya mnada alikuwa akiwatenga fahali wawili watatu pembeni, ati wana ugonjwa. Mwenye ng'ombe akimpeleka nyuma ya choo wakazungumza, fahali alipona papo hapo. Kila mtu aliujua ugonjwa huo. Sadia aliupiga vidio kupitia tundu la bati la kibanda changu: uso wa afisa, mkono wake, mfuko wake, na fahali aliyepona. Akairusha mitandaoni kwa laini ile, bila jina. Mimi simu yangu ni ya vibonye, lakini madereva walinionyesha. Tulicheka siku nyingi. Nilimwambia Sadia, "Umefanya vizuri, lakini funga mdomo." Akafunga. Mimi pia nikafunga. Kumbe kampuni haikuwa imeufunga wake.

Walikuja asubuhi, wawili, na yule wa mbele alikuwa mwenyewe, koti la ngozi na tumbo lake. Ndiye aliyetumwa kumtafuta aliyempiga picha. Kesi ya ngedere alikuwa amepewa nyani.

"Mama, hii laini ni yako," akasema, akinisomea nambari kutoka kwa simu yake.

"Yangu ni ile iko hapa kwa aproni."

"Kampuni inasema hii pia ni yako. Na hizi zingine. Wewe uko na laini mingi kushinda duka."

"Kampuni imekwambia? Nani aliwapa ruhusa wanipeane?"

"Tuliwaomba vizuri."

"Na karatasi ya korti?" Hilo nilikuwa nimelisikia redioni.

Akamgeukia mwenzake wakacheka. "Mama, hizo ni za kule kwa televisheni. Vaa viatu twende."

Khadra alikuwa amesimama kati ya mitungi yake, ameshika mfuniko mkononi. Nilijua nikimtazama, yule mtu atayafuata macho yangu. Kwa hivyo nikaitazama tawa ya kukaangia na kusema kwa sauti, "Jirani, hizi chapati ziondoe kabla hazijaungua." Hakukuwa na chapati kwenye tawa. Khadra akaangalia tawa tupu, akaelewa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata sijafika kituoni, Sadia alikuwa ameshaondoka.

Pale kituoni walinikalisha kwenye kiti cha mbao. Mnene akanieleza mambo kwa upole, upole niliouchukia kuliko kofi. Anayetumia laini ile ni nani? Nikamwambia nimewaazima watu wengi kitambulisho na kichwa changu ni cha mtu mzee. Nilijua vizuri kitakachotokea nikilitaja jina. Msichana Msomali, hana kitambulisho, mkononi mwa mtu aliyeaibishwa naye: wangesema si Mkenya, na Khadra angezunguka vituo vyote kutoka hapa hadi mpakani akiuliza kama kuna mtu amemwona.

"Sawa," akasema. "Tuongee juu ya laini yako wewe. Ile ya aproni."

Akaanza kusoma orodha ya simu zangu. Jumapili, baada ya kanisa, Kenol. Jumatano jioni, Kenol. Jumamosi tena Kenol, ndefu kweli. Ni nani huyo wa Kenol, mama? Mnaongeanga nini saa hiyo yote?

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari za Wambugu. Ni mjane kama mimi, anauza spea za malori katika mji wa Kenol. Tulikutana kwenye mazishi kule Kangari, nilikoenda na sufuria yangu, akarudi mara mbili kuniomba chai. Hatukufanya jambo la kumficha Mungu. Tulikuwa tukizungumza kuhusu magoti yetu, na mvua, na jinsi kunavyokuwa kimya nyumbani ukishafunga mlango. Lakini yeye alikuwa akiniita Wamucii. Nilikuwa nimekaa na jina langu miaka yote hiyo bila mtu wa kulitumia, na huyu alikuwa akilitaja taratibu kama mtu anayeonja chai ya moto. Ngatia wangu ni mzee wa kanisa kule Nyeri, na mke wake ana mdomo. Nilitaka kitu kimoja tu kiwe changu, kisichojadiliwa na kamati.

Na sasa kilikuwa kinasomwa kwenye meza ya mtu anayeponya fahali nyuma ya choo. Niliona haya, haya ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Hasira ilikuja baadaye, na haijaondoka.

"Hiyo haikuhusu," nikamwambia.

"Niambie jina moja tu, na mimi nasahau Kenol. Ukikataa, napigia yeye, halafu napigia kijana yako wa Nyeri. Namba zote niko nazo."

Nilimfikiria Sadia akiwa ameshikilia benchi, meno mawili mdomoni. Nilimfikiria Wambugu pia, nikajiambia, mpigie. Mpigie, umsikie mwanamume. Ndiyo, nilijivunia hilo dakika nzima.

Akapiga, akaiweka simu mezani ili sote tusikie. Wambugu akaitikia. Akakohoa kile kikohozi chake cha vumbi la spea.

"Hapa ni kituo cha polisi Nanyuki," mnene akasema. "Unajua mwanamke anaitwa Wamucii? Anauza chai?"

Nilisikia lori likipita kule Kenol.

"Wamucii?" Wambugu akasema. "Huyo simjui. Labda ni mtu alikosea namba."

Simu ikakatwa. Yule mwenzake aliyesimama mlangoni, nadhani ana mama, aliangalia viatu vyake.

Basi nikasema, "Vidio nilipiga mimi."

"Wewe?"

"Laini si ni yangu? Kampuni si imesema? Basi ni mimi."

Mnene akatoa simu yake kubwa ya kioo, akaisukuma kwangu. "Piga ingine. Nipige mimi hapa nikikaa."

Nikaikamata. Nikakibonyeza kioo kwa kidole, hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Vidole vyangu vimegeuza chapati bila mwiko maisha yote, ngozi imekuwa kama ya kisigino, na simu hiyo haikunihesabu kuwa mtu. Wakamwita mwingine kutoka ofisi ya pili aje aone mama akipiga vidio. Wakacheka mpaka mmoja akafuta macho. Mimi niliendelea kubonyeza.

Walinifungia. Nililala kwenye saruji na wasichana wawili walioshikwa na pombe haramu. Mmoja alinipa sweta yake, Mungu ambariki popote alipo. Asubuhi wakaniruhusu kupiga simu nitafute mtu wa kunidhamini. Nikampigia Khadra, ambaye laini yake ilikuwa kwa kitambulisho changu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikampigia muuza mitumba niliyemsajilia mwaka jana. Hapatikani. Dalali wa mbuzi, hapatikani. Mama wa kwaya, hapatikani. Sauti ni ya yule mwanamke mmoja mwenye adabu, anarudia hayo hayo, Kiswahili kisha Kiingereza. Soko zima lilikuwa limesikia nimechukuliwa, na kila mwenye laini yenye jina langu alikuwa ameitupa chooni. Unaweza kusema sikuwalaumu. Niliwalaumu, mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao.

Aliyekuja ni Ngatia, kwa sababu mnene alitimiza ahadi akampigia. Alikuwa amevaa suti ya kanisa. Alinikuta nimesimama kwenye kaunta nikitafuta kiatu kimoja. Nilitegemea aniulize kama nimekula, au kama wamenipiga.

"Mami," akasema, "Wambugu ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mtu hanijui. Uliza polisi, wao wanamjua."

Mnene mwenyewe ndiye aliyenirudishia simu. Aliipangusa kwa shati lake. "Nenda nyumbani, mama. Hatuna neno na wewe. Laini yako hatufungi, tumia tu. Hata nimekuwekea kredo ya kupigia."

Akanitabasamia. Hapo ndipo nilipoelewa. Kule kwetu zamani chui akisumbua, watu hawakuwa wakimfuata porini. Walifunga mbuzi kwenye mti, wakampa nyasi nzuri ili atulie, wakangoja. Mimi nilikuwa mbuzi, na kredo ndiyo nyasi. Walijua aliyepiga vidio, popote alipo, atataka siku moja kusikia sauti ya aliyelala kituoni kwa ajili yake.

Ngatia alitaka nihamie Nyeri. Nilimkatalia. Kwenda kukaa chini ya mdomo wa mke wake, na simu yenye masikio mfukoni? Wala sikuitupa. Ningeitupa, wangejua nimejua, na wangekuja na njia nyingine ambayo siijui. Afadhali mtego unaouona.

Kesho yake nilifungua kibanda. Watu walikunywa chai haraka haraka wakiwa wamesimama. Nilikuwa nimekuwa kama nyumba yenye tauni. Khadra alikuja na chupa ya maziwa, akaiweka, akaanza kuongea juu ya bei ya majani ya ngamia kana kwamba tulikuwa tumeachana jana jioni. Nilitoa simu kwenye aproni, nikaitia ndani ya debe la unga, nikafunika, nikaweka jiwe juu. Khadra akalitazama debe, uso ukambadilika.

"Amefika," akasema chini chini.

"Wapi?"

"Usiniulize, Mama Ngatia. Tafadhali."

Iliniuma. Nimelala kwenye saruji kwa ajili ya mtoto huyo, na mama yake hataki kuniambia yuko wapi. Lakini alikuwa sawa, na kuwa sawa kwake ndiko kulikonikasirisha.

"Mwambie asinipigie," nikamwambia. "Hata siku moja. Wanasikiliza."

"Mimi sina simu tena. Nitatuma neno na mtu wa lori ya ng'ombe."

"Tuma leo."

"Lori itaenda baada ya mnada."

Tukakaa. Akanishika mkono, mkono wangu wenye unga. Akaniambia habari za Wambugu zimefika sokoni pia. Mnene alikuwa amezisimulia akichekesha watu. Kisha, kwa kunifariji, akasema, "Labda yule mzee alikuwa anakukinga. Labda alijua polisi wako hapo."

"Khadra, niache," nikamwambia. "Naijua sauti ya mtu anayekinga mwenzake, na naijua ya mtu anayejikinga." Wambugu hajapiga tena mpaka leo. Jumatano hufika, na jioni yake huwa ndefu.

Mnada ulikuwa bado siku moja simu ilipolia. Nilikuwa nimeitoa debeni ili nichote unga, iko kando ya kibao, na mikono yangu imezama kwenye donge mpaka kwenye vifundo. Nambari ngeni. Nilitaka kuiacha. Lakini kuna wateja huniagiza chapati za sherehe kwa simu, na mtu akinyamazia simu anayojua inachungwa, hilo nalo ni jibu. Nikabonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Shosho!"

Nilimjua kabla neno halijaisha. Hakuna mwingine anayeniita hivyo kwa sauti ya kucheka na kulia pamoja. Nyuma yake palikuwa na watoto wanaosoma kwa pamoja, kama darasani au madrasa. Alikuwa mzima. Alikuwa mahali penye watoto. Nilitaka kumuuliza kama anakula, kama kuna baridi, kama anajua kwamba sikusema. Zaidi ya yote nilitaka ajue kwamba sikusema.

"Shosho, ni mimi, Sa—"

"Nani?" nikafoka, nikilifunika jina lake kwa sauti yangu yote. "Unataka nani?"

"Ni mimi! Nilisikia ulishikwa, nimekaa nikilia, Shosho, nilitaka tu kukuambia—"

"Mimi sikujui."

Watoto waliendelea kusoma kule.

"Shosho? Umenikasirikia?"

"Sikujui wewe! Umekosea namba. Usinipigie tena, unasikia? Usinipigie tena kabisa."

Alivuta pumzi, pumzi ile ya mtoto aliyeanguka ambaye bado hajaamua kulia. Nikakata.

Nambari yake imeshaandikwa huko polisi, najua. Lakini watu hukosea namba kila siku, na sauti niliyotumia ilikuwa kali ya kutosha kumfukuza mbwa. Niliitoa wapi, sijui. Maneno najua nilikoyatoa. Nilikuwa nimeyasikia yakitamkwa mezani pa polisi na mtu aliyekuwa akiniita Wamucii, na sikuwa nimepata mengine.

Simu ikalia tena, nambari ile ile. Niliiacha. Iliita juu ya kibao, ikitetemesha unga, mpaka ikanyamaza.

Nilipoinua macho, Khadra alikuwa amesimama upande wa pili wa bati, kikombe cha kupimia mkononi. Alikuwa amesikia sauti yangu tu, na tangu binti yake aondoke hakuwa amemsikia hata mara moja. Akaniuliza kwa macho.

Simu ilikuwa pale pale kati yetu. Nikamjibu kwa sauti ya juu, ili nayo isikie.

"Ni mtu tu, jirani. Amekosea namba."

Akaelewa, kama siku ile ya tawa tupu. Kisha akageuka, akainama juu ya mtungi, na kuanza kupima maziwa, kikombe baada ya kikombe, wala hakukuwa na mteja.